Mji Wetu Si Mahame

Kota Na. 17, Mstari wa Tatu,
S.L.P. 6.
Tarehe 3 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Kwanza salamu, maana hata mtu akiwa na hasira kiasi gani hawezi kuingia ndani ya barua bila kubisha hodi. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje baada ya kukaa garini siku zote zile? Mkeo hajambo? Na huyo mjukuu wangu ameshaota meno ya mbele, au bado anawanyima usingizi?

Mimi shangazi yako ni mzima. Miguu inauma kidogo asubuhi, presha imepanda, na aliyeipandisha ni wewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu kila nikipaza sauti unasema mtandao unakatakata.

Kitabu chako cha picha kimefika. Uliahidi kunipa cha kwanza kabisa kutoka mtamboni, lakini kimeletwa na yule afisa wa ofisi ya maji ambaye sisi tunamwita Bwana Mita. Alikuja na pikipiki Jumanne saa nne, kitabu kikiwa kwenye mkoba, kurasa zetu amezitia vikaratasi vya manjano. Nilifurahi kama mjinga. Niliita majirani waje waone kazi ya mtoto wetu, nikapangusa meza kwa kanga niliyojifunga.

Halafu tukafungua.

Mwanangu, mwaka jana ulipoandika kwamba wewe na rafiki yako mwenye ndevu mnazunguka barabara za ndani mkipiga picha miji iliyohamwa, na kwamba mtapita kwetu, mimi nilidhani mnapita kwetu kupumzika. Sikujua kwamba na sisi tumo kwenye orodha. Nilikutandikia kitanda kilekile ulichokuwa ukilalia na baba yako, nikakupikia siku tatu, nawe ulikuwa unakula na kuniangalia usoni huku umeshaniandika marehemu.

Kiwanda cha viberiti kimekufa, hilo silikatai. Miaka ishirini na miwili hakijatoa hata njiti moja. Ukumbi wa sinema umeezuliwa na upepo, kantini imeota magugu hadi kwenye majiko. Hayo yapige picha mpaka uchoke, hata mimi ningekushikia ngazi. Barabara kuu ilipohamishiwa upande wa pili wa mlima, wengi walifungasha wakaondoka, baba yako akiwa mmoja wao, na wewe ukiwa na miaka tisa unalia hutaki kuacha baiskeli. Lakini tuliobaki tulibaki. Tuko sitini na watatu, na unajua, kwa sababu wote, ukiacha mmoja aliyezaliwa juzi, walikuja kukupa mkono.

Sasa nikuulize. Ukurasa wa arobaini na moja ni mlango wangu. Mlango wangu, namba kumi na saba ya rangi nyeupe niliyoipaka mwenyewe. Chini ya kizingiti iko kandambili yangu moja, ya bluu, na wewe umeandika chini ya picha: "Waliondoka kwa haraka." Nani aliondoka kwa haraka? Mimi nilikuwa jikoni nakukaangia mayai! Na ile ya pili nilihangaika kuitafuta asubuhi nzima, naruka kwa mguu mmoja uani, nikamsingizia mbwa wa jirani, kumbe umeitupa nyuma ya pipa ili picha ipendeze. Mbwa wa watu nilimrushia kopo.

Geuza ukurasa. Darasa la Mwalimu, yule yule aliyekufundisha kusoma. Alistaafu, lakini bado anawafundisha watoto kumi na mmoja bila mshahara, kwa sababu hajui kukaa. Ulimwomba aache miwani yake juu ya dawati, naye akaiacha, akakaa nje haoni mbele wala nyuma mpaka ulipomaliza. Hesabu za Ijumaa zilikuwa bado ubaoni. Chini yake umeandika: "Somo la mwisho." Mwalimu alisoma maneno hayo, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akasema, "Jumatatu yake walifanya mtihani, na mmoja alipata mia." Afadhali angetukana.

Na nyumba ya pampu. Hapo ndipo nilipohisi damu imenipanda kichwani. Miaka thelathini na moja nimekuwa mhudumu wa pampu hii. Naipaka grisi, nabadilisha mikanda, nalala nikijua ikikohoa ina maana gani. Ulinisihi niizime kidogo ili huyo mwenye ndevu arekodi sauti ya upepo. Nikaizima dakika arobaini! Mama Mapacha alikuwa anaoga, kichwa kimejaa sabuni, anapiga kelele dirishani kama anachinjwa, na mimi namwambia vumilia, ni kwa ajili ya mtoto wetu. Nikasimama mlangoni kwa fahari, nimevaa ovaroli yangu safi. Ukainua macho kutoka kwenye kamera ukasema, "Shangazi, sogea kidogo, unaniharibia picha." Nikasogea. Nilisogea nikicheka. Sasa naona umeandika kwamba hapa maji yalikauka zamani.

Ubaya ni kwamba picha ni nzuri. Nisingekuwa ninaishi humo ningelia kwa kutuhurumia.

Nikuambie Bwana Mita alikuja kufanya nini na kitabu. Ofisi yao inapunguza laini za maji zisizo na watumiaji, na mtu fulani huko juu, aliyekwenda kwenye maonyesho yako akanywa juisi yake, amerudi ofisini na ushahidi. Mji hauna watu. Picha zipo, tena zimepigwa na mzaliwa wa hapo hapo. Laini yetu itafungwa tarehe ishirini mwezi huu. Maji mengine yaliyo karibu ni mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa tatu kurudi ukiwa na ndoo. Nusu ya watu wa hapa hata kwenye ngazi za zahanati hupandishwa kwa kushikwa mkono.

Tulikuwa watu kumi na wanne tumemzunguka, anatwambia hakuna mtu. Nikamwuliza, "Sasa wewe unaongea na nani?"

Akajikuna shingo. "Mama, mimi naongea na nyinyi. Lakini faili linaongea na picha."

Si mtu mbaya. Aliona haya hata kumaliza chai.

Hasira nyingine ni yangu mwenyewe, na hii ndiyo inayoniamsha alfajiri. Siku ile nani alizunguka mlango kwa mlango kuwaambia watu waanue nguo kwenye kamba? Mimi. Nani aliwaambia wafungie kuku, wafagie nyayo barazani, waingize watoto na masufuria ndani ili mji uonekane nadhifu? Mimi, shangazi yako, nimejaa sifa hadi puani. Mgeni akija na kamera unasafisha, ndivyo tunavyojua. Tulijifuta kwa mikono yetu wenyewe, na wewe ulikuwa umesimama pale unaona tunavyojifuta, unasema asanteni, asanteni sana. Ungeweza kuniambia. Neno moja tu, ningerudisha kila shuka kwenye kamba yake.

Tangu Jumanne fundi viatu hanisalimu. Tumejuana tangu tukiwa vijana kiwandani, yeye akikata vijiti na mimi nikipanga maboksi, hatujawahi kupitisha siku bila kutaniana. Sasa nikipita anainamia kiatu kama kimemwita. Wengine wananisalimu kwa upole, na huo upole unaniumiza kuliko kama wangenifokea.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Umesema hiyo ni sanaa, na kwamba sanaa haisemi uongo bali inachagua. Umesema hata hivyo mji wenyewe hauna maisha, na kwamba chumba cha nyuma kwako kiko wazi, nije nipumzike. Nimeusoma mara tatu nikitafuta mahali uliposema samahani, nikadhani labda simu yangu imekata maneno. Kwa chumba nakushukuru. Hao wengine sitini na wawili utawalaza wapi, barazani?

Usinielewe vibaya. Sisemi usipige picha za mahame. Yapo mengi, na mengine yanastahili kukumbukwa. Lakini mtu akikuta jiko lina moto hatakiwi kuuzima kwanza ndiyo apige picha ya majivu.

Sasa ninachotaka, na usinizungushe. Siku ya kuondoka mlitupanga sote mbele ya duka mkatupiga picha ya kumbukumbu. Fundi viatu alivaa koti lake la harusi, linambana tumboni, akakataa kukohoa lisije likakatika kifungo. Hiyo picha hukutuletea. Bwana Mita amesema, tena kwa siri, kwamba faili linaweza kufunguliwa upya kukiwa na picha yenye tarehe, pamoja na barua ya mpiga picha mwenyewe, iliyosainiwa, ikisema kwamba watu walikuwapo na wewe ndiye uliyewaomba wakae pembeni.

Najua ninachokuomba. Nimesoma utangulizi wako mpaka mwisho, ingawa una maneno marefu. Umeapa pale kwamba katika miji yote hukupanga, hukugusa wala hukusogeza kitu chochote. Najua kitabu kimepata tuzo, na kwamba ukisaini barua hiyo watu watakucheka, labda tuzo watakunyang'anya, na huyo mwenye ndevu atakununia. Nimelifikiria hilo kwa siku sita, kwa sababu aibu yako ni yangu pia, nimekufunga nepi mimi. Nimelipima, na bado nakuomba. Utaaibika mwaka mmoja. Sisi tutakosa maji maisha yetu yote.

Limebaki jambo moja nililokuwa nalizunguka. Jana imekuja barua rasmi, ina mihuri miwili. Imeandikwa kwa jina la kazi yangu: Mhudumu wa Pampu. Inaniamuru tarehe ishirini, saa tatu asubuhi, nifunge koki kuu kwa mkono wangu na kukabidhi funguo. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi hayakuwa yote ya kicheko. Nimewajibu kwamba, kwa kuwa ofisi yao imethibitisha hakuna mtu anayeishi hapa, barua yao haina wa kuipokea wala koki haina wa kuifunga. Mwalimu alinisahihishia, akaongeza mkato mmoja. Lakini sijidanganyi. Wao wana gari na wana spana.

Niishie hapo, mkono umechoka.

Salamu. Nilidhani nitaandika zile za kawaida, lakini habari zilienea kwamba nakuandikia, na tangu mchana watu wanaingia hapa mmoja mmoja wanataka waandikwe. Mwalimu anakusalimu, na wanafunzi wake kumi na mmoja wanakusalimu. Mstari wa Kwanza, watu kumi na watano, wanakusalimu, akiwemo yule bibi wa namba mbili asiyesikia, ambaye anadhani bado uko darasa la tatu na anauliza kama umefaulu. Mstari wa Pili, watu kumi na wanane, wanakusalimu. Mstari huu wangu, kumi na wawili, mmoja wao ni mtoto wa mpishi, ana siku tisa, alipiga chafya tukaihesabu kuwa salamu. Mwenye duka na mke wake wanakusalimu, na mfungwa wa zamani anayelima nyuma ya kantini anakusalimu ingawa hamkukutana vizuri, kwani mlimwambia atoke kwenye fremu na jembe lake. Hao jumla yao ni sitini. Mimi ukiniongeza, sitini na mmoja.

Fundi viatu hakusalimu. Nilimfuata mpaka kibandani kwake kumwuliza, na ndiyo mara ya kwanza tangu Jumanne amenijibu. Alisema, "Mwandikie kwamba sijamsalimu." Mama Mapacha naye, mapacha wake wakiwa wameshakusalimu pamoja na mstari wao, amesema hivyo hivyo.

Basi ni sitini na watatu, wanaokusalimu na wasiokusalimu. Wote wapo.

Mungu akulinde wewe, mkeo na mtoto, akupe afya, akupe na ujasiri wa kushika kalamu kabla ya tarehe ishirini.

Ni mimi ninayekupenda, na ambaye bado nimekukasirikia,

Shangazi yako.