Ubavu wa Kushoto wa Mashine ya Mama Mavroleon

CHAMA CHA WAPENZI WA MASHINE ZA GEMU ZA ZAMANI, PORT PIRIE

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAMOSI, TAREHE 14 SEPTEMBA 2019, KATIKA BANDA LA MWENYEKITI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Trevor Trenorden – Mwenyekiti
2. Bw. Lyall Nitschke – Katibu
3. Bi. Deb Coad – Mjumbe, mwenye duka la kuchapa stika na mabango
4. Bw. Vince Camporeale – Mjumbe, fundi wa vioo na umeme

MWALIKWA
Bi. Evdokia Mavroleon – Mwenye mashine

ASIYEHUDHURIA
Bw. Garth Bowshall – kwa udhuru wa mgongo. (Alhamisi alionekana uwanjani akirusha matufe.)

KUMB. NA. 1/9/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa nane na dakika kumi mchana. Alimkaribisha Bi. Mavroleon na kumpa kiti chenye mto. Bi. Mavroleon alishukuru, akakiacha, akaketi kwenye kigoda kilichokuwa mbele ya mashine yake.

Mwenyekiti aliagiza mashine nyingine saba zizimwe ili watu wasikilizane. Mashine ya Bi. Mavroleon iliachwa ikiwaka, rangi yake mpya iking'aa, na utepe wa bluu wa ushindi wa maonyesho ya Adelaide ukiwa bado umebandikwa kifuani. Bw. Camporeale aliinuka bila kuomba ruhusa, akaubandua, akautia mfukoni.

KUMB. NA. 2/9/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA MEI

Katibu alisoma uamuzi wa Mei, uliosema: "Mashine ya gemu ya mzamiaji iliyoletwa na Bi. Mavroleon itengenezwe kioo, kisha irudishwe katika hali iliyotoka nayo kiwandani, kwa ajili ya maonyesho ya Adelaide." Mwenyekiti aliuliza kama kuna masahihisho, kwa sauti ya mtu asiyeyatarajia.

Bw. Camporeale alisema yapo. Alidai kwamba siku ile alisema, kwa kinywa chake na mbele ya watu wote, kuwa yale maandishi ya kalamu ubavuni mwa mashine aulizwe mama kwanza kabla ya kuguswa, na kwamba maneno hayo hayamo kwenye kumbukumbu. Mwenyekiti alisema hakumbuki jambo kama hilo. Bi. Coad alisema yeye anakumbuka vizuri. Anakumbuka pia jibu la Mwenyekiti, kwamba nani anataka kusoma majina ya watoto wa duka la chipsi, na kwamba watu walicheka, naye akiwa mmoja wao.

Katibu aliulizwa. Alikiri kwamba alimsikia Bw. Camporeale na hakuandika, kwa kuwa neno lilisemwa wakati chai inamiminwa, naye aliliona si la maana.

Kumbukumbu zilisahihishwa na kuthibitishwa. Bw. Camporeale aliuliza masahihisho hayo sasa yatamfaa nani. Mwenyekiti aliagiza barua isomwe.

KUMB. NA. 3/9/2019: BARUA YA BI. MAVROLEON

Katibu alisoma barua iliyomfikia tarehe 3 Septemba, baada ya gazeti kutoa picha ya wajumbe wakiwa na kikombe cha ushindi mbele ya mashine. Barua ni fupi na inanukuliwa yote:

"Nimeona picha. Mashine inapendeza. Nimeitazama kwa miwani, kisha kwa kioo cha kukuzia. Kwenye ubavu wa kushoto sioni kitu. Tafadhali niambieni kwamba hiyo ni picha ya mashine nyingine."

Mwenyekiti alieleza kwamba ni yeye aliyeshauri barua isijibiwe haraka, ili mama apate muda wa kutulia. Bi. Mavroleon alisema ametulia.

KUMB. NA. 4/9/2019: MAELEZO YA BI. MAVROLEON

Bi. Mavroleon alieleza kwamba mashine ilikaa kwenye duka lao la samaki na chipsi tangu mwaka 1982. Kama wajumbe wanavyojua, mashine za umri huo zikichomolewa ukutani husahau kila kitu, hata jina la bingwa. Marehemu mume wake alikuwa akiichomoa kila alipofunga duka. Watoto wa mtaa walipolalamika kwamba ushindi wao unapotea, akaweka sheria: atakayevunja rekodi amwite yeye aje aone, naye akishathibitisha, mshindi apewe kalamu nene ya makapeni aandike jina lake na pointi zake kwenye ubavu wa kushoto. Orodha ikawa inashuka chini mwaka hadi mwaka.

Aliyeandika mwisho alikuwa Lefteris, mtoto wao pekee. Aliandika Novemba 1986. Siku kumi baadaye alifariki kwa ajali ya gari kwenye njia ya Port Augusta. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Bi. Mavroleon aliendelea kwamba baada ya mazishi mume wake alitoa nguo za kijana, madaftari, barua na kadi za sikukuu, akazichoma zote uani. Mashine hakuichoma kwa sababu haikuwa yao, ilikuwa ya wakala aliyewakodisha. Aliisukuma tu mpaka ubavu wa kushoto ukagusa ukuta. Duka lilipofungwa wakala aliwaachia, na nyumbani ikawekwa vilevile, ubavu ukutani. Ilikaa hivyo miaka thelathini na miwili. Yeye hakuwahi kuomba isogezwe.

"Huzuni ya mume wangu ilikuwa na sheria zake," alisema. "Mimi nilizifuata."

Mume alifariki Februari mwaka huu. Aprili, Bi. Mavroleon alimpigia simu Mwenyekiti kwa kuwa kioo cha mashine kilikuwa kimekufa, naye alitaka kwanza iwake kama zamani, ndipo aketi asome. Wajumbe walipokwenda kuichukua aliingia jikoni akafunga mlango, kwa sababu hakutaka kuuona ubavu ule kwa mara ya kwanza watu wakipita na kamba na toroli. Alisema maneno aliyompa Mwenyekiti yalikuwa matatu: naomba kioo tu.

Mwenyekiti alikubali kwamba ndivyo alivyoambiwa. Aliongeza kwamba desturi ya chama ni kumpa mtu zaidi ya alichoomba.

KUMB. NA. 5/9/2019: MAPENDEKEZO

(a) Picha. Katibu alitoa picha kumi na moja alizopiga kabla ya kazi kuanza. Tano ni za nyaya, tatu za kibao cha namba ya kiwanda, mbili za uso wa mashine. Moja tu ni ya ubavu wa kushoto, na mwanga wa kamera uligonga pale pale penye maandishi ukaacha duara jeupe. Bi. Mavroleon aliishika picha hiyo kwa muda, akairudisha.

(b) Kutoa rangi. Bw. Camporeale aliulizwa kama rangi inaweza kubanduliwa ili maandishi yaonekane chini yake. Alijibu kwamba rangi itatoka, lakini chini yake hakuna kitu, kwani ubavu ulipigwa msasa mkali wa namba themanini mpaka mbao ikawa nyeupe. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba yeye alisema Mei. Mwenyekiti alimwomba asirudie hoja iliyokwisha kusahihishwa.

(c) Kuchapa upya. Bi. Coad alisema anaweza kuiga mwandiko wowote duniani na kuuchapa kwenye stika, hata ukaonekana umechakaa, mradi apate mfano. Alimwambia Bi. Mavroleon, "Nipe herufi kumi tu za mkono wake, dada yangu, zilizobaki niachie mimi." Bi. Mavroleon alisema hana hata moja. Mwenyekiti alipendekeza watafutwe watu waliocheza dukani utotoni, watoe majina kwa kukumbuka, kisha Bi. Coad achague mwandiko unaofanana na wa kijana wa miaka ile.

Bi. Mavroleon alisema, "Mnataka kunitengenezea mwanangu kama mlivyoitengeneza mashine."

Bi. Coad aliondoa pendekezo lake. Alilia kidogo na akaomba radhi kwa kulia.

(d) Kikombe. Mwenyekiti alipendekeza Bi. Mavroleon apewe kikombe cha Adelaide kiwe chake moja kwa moja. Hakuna aliyeunga mkono. Katibu angependa pendekezo hili lisiandikwe, ila baada ya KUMB. NA. 2 hana tena haki ya kuchagua.

KUMB. NA. 6/9/2019: SWALI LA BI. MAVROLEON

Kwa kuwa Katibu ndiye aliyehojiwa, sehemu hii iliandikwa na Bi. Coad na kunakiliwa na Katibu bila kupunguza neno; aliyoongeza ni machache, nayo yanamhusu yeye mwenyewe.

Bi. Mavroleon aliuliza ni nani aliyepiga msasa. Mwenyekiti alijibu kwamba uamuzi ulikuwa wa chama kizima.

"Chama hakina mikono," alisema Bi. Mavroleon.

Katibu alisema ni yeye. Alieleza kwamba alifanya kazi hiyo asubuhi ya tarehe 22 Juni, redio ikitangaza mpira, na kwamba ubavu wote ulimchukua robo saa. Aliulizwa kama aliyasoma maandishi kabla ya kuyafuta. Alijibu kwamba majina hakuyatilia maanani, lakini namba alizisoma, kwa sababu mtu wa mashine hizi haachi kusoma namba. Ya mwisho chini ilikuwa 87,210. Anaikumbuka kwa kuwa yeye hajawahi kuvuka elfu sitini na moja, akamwona aliyeandika kuwa mwongo. Anakumbuka pia kwamba saba yake ilikuwa na mstari katikati.

"Saba ya baba yake hiyo," alisema Bi. Mavroleon. "Alimfundisha kwenye kaunta, akiandika oda."

Katibu aliulizwa kama palikuwa na kitu kingine. Alisema palikuwa na mstari mmoja chini ya ile namba, mwandiko mdogo.

"Uliandikwa nini?"

"Sikuweza kusoma, mama. Herufi hazikuwa zetu. Nilidhani mtoto anachorachora tu."

"Kigiriki."

"Sasa najua ni Kigiriki."

"Maneno mangapi?"

"Manne. Labda matano."

Bi. Mavroleon alisema miaka yote alijua kuna jina na namba tu. Alisema hakuna aliyeandika bila mume wake kusimama hapo, kwa hiyo mume wake aliyasoma maneno hayo, kisha akayageuzia ukutani, akaishi naye miaka thelathini na miwili bila kumwambia. Mwenyekiti alitoka nje kidogo, akarudi.

Bi. Mavroleon alichukua karatasi mezani, akampa Katibu kalamu na kumwambia achore alichokiona, hata kama hakijui. Katibu alichora neno la kwanza kadiri alivyokumbuka. Bi. Mavroleon alivaa miwani akatazama.

"Hili si neno," alisema.

Katibu alichora tena. Alichora mara tisa. Kila mara Bi. Mavroleon aligeuza karatasi kuelekea mwanga, akalifuata umbo kwa kidole, akasema si neno. Bw. Camporeale alimsihi mama apumzike. Alijibu, "Aendelee." Katibu anataka ijulikane kwamba alijitahidi kwa moyo wote, na kwamba mkono wake ulikuwa umeshika msasa vizuri kuliko ulivyoshika kalamu ile. Baada ya umbo la tisa Bi. Mavroleon alimwekea mkono juu ya mkono wake.

"Basi, mwanangu. Umechoka."

Katibu ana miaka sitini na mitatu. Aliona heri angetukanwa.

KUMB. NA. 7/9/2019: MENGINEYO NA KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alimwomba Bi. Mavroleon aseme siku itakayomfaa ili mashine ipelekwe kwake bila gharama, ikiwa na kioo kizima. Bi. Mavroleon alisema haihitaji, wajumbe waipeleke wanakotaka. Hakuigusa wala hakuiangalia tena. Bw. Camporeale alimsindikiza mpaka kwenye gari.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika tano alasiri. Keki za Bibi Trenorden, mke wa Mwenyekiti, zilirudi ndani bila kuliwa.

Mwenyekiti aliagiza karatasi yenye maumbo tisa iambatishwe kwenye kumbukumbu hizi. Haikuwezekana. Kabla ya kuinuka, Bi. Mavroleon aliikunja mara mbili, akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

Sahihi: T. Trenorden, Mwenyekiti
Sahihi: L. Nitschke, Katibu