Nusu ya Vidonge Imekwenda Chwele

Matisi, Jumatatu jioni

Kumbe vidonge vya mke wangu vya kuzuia kifua kikuu vimekuwa vikienda Chwele pamoja na ndizi! Leo nimemkuta akimfungia dada yake Riziki, anayeishi huko, nusu ya vidonge kwenye gazeti.

Nilimuuliza tu kama miwani nayo huvaa kwa zamu na dada yake.

"Baba Safi, mimi sikohoi," alinijibu. "Muuguzi mwenyewe alisema vijidudu vimelala. Na kule kambini tulipokuwa wakimbizi, nani alikula peke yake?"

Kweli, kambini tuligawana hata sabuni. Lakini nilimwambia nusu dozi haiviui, na vikiamka vitamfikia mjukuu wetu mchanga anayelala naye. Akafungua lile gazeti. Akavirudisha vidonge vyote.

Tulikwenda kliniki. Muuguzi alicheka kwanza. "Kukhu, nyanya yangu, bana, hii si chapati ya kukatia wageni! Meza vidonge vyako vyote. Huyo dada mlete tumpime."

Nahofia wiki hizi zilizopotea. Sijamwambia mke wangu.

Sasa hivi namsikia akimwamuru Riziki kwenye simu: "Njoo kesho. Ukikutwa na vijidudu, tutameza pamoja, kila mtu vidonge vyake."