Kadi Zako Ziko Kwenye Kabati la Sir

Ombati, kaka yangu,

Nimekasirika, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwandikia nikiwa hivi. Mama hawezi kulibeba hili. Wenzangu hapa Dubai, hotelini Garhoud, wamenisikiliza mpaka wamechoka. Sasa nikianza tu wanatazama simu zao. Kwa hiyo utanivumilia, nami nitakueleza mambo yalivyokwenda tangu siku ulipoanguka kando ya gari kule Marina, kwa tajiri wako.

Sir ndiye aliyenipigia. Nilikuwa chumba cha mashuka. Aliniambia niketi kwanza, kisha akasema moyo wako umesimama, wamejaribu, na hukuteseka. Alikuwa analia, Ombati. Mzungu mzima, tajiri uliyemwendesha miaka yote ile, alilia kwenye simu mpaka mimi ndiye nikawa namtuliza. Alishughulikia karatasi zote za kukusafirisha. Akanipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, kwenye gari lile lile, nami nimeketi mbele pembeni yake kama ndugu. Nakuambia haya mapema ili usidhani nilimchukia tangu mwanzo. Siku zile nilimwona malaika.

Tulikuzika Nyamira, karibu na Baba, chini ya shamba la chai. Watu walikuja wengi. Baada ya mazishi Baba Mdogo aliuliza mbele ya wote, "Huyu kijana amekaa Dubai miaka hii yote. Alikuwa anafanya nini huko?" Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anatazama msingi wa nyumba yako, ule ambao nyasi zimeota juu yake. Kila mtu akanigeukia. Nikasema ulikuwa dereva, na tena ulikuwa unakusanya kadi. Nikaona nyuso zinabadilika. Walidhani nasema karata, kwamba ulikuwa mcheza kamari. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kukuharibia jina.

Utaelezaje kadi za besiboli pembeni ya kaburi bichi? Vipande vya karatasi ngumu vinavyoenea kiganjani, kila kimoja na picha ya Mmarekani mwenye kofia, aliyecheza zamani mchezo wa rungu na mpira ambao hata wewe hukuuelewa. Ulijaribu kuutazama mara moja kwenye simu yangu, ukasinzia. Lakini zile kadi ulizijua kama Mama anavyoyajua majani yake ya chai.

Ulianza na za kutupwa. Sir alikuwa akikamilisha seti yake ya mwaka mmoja wa miaka ya sitini, na kila alipopata kadi nzuri zaidi, ile mbovu alikupa wewe. Mtu mwingine angewapa watoto wachezee. Wewe ukaamua kwamba utazibadilisha moja moja, mpaka seti yako iwe na kila kadi ya mwaka ule, na kila kadi iwe kama imetoka kiwandani leo asubuhi. Ukawa unaandikiana na wazee wa Marekani waliokuwa wanaondoa vitu vya zamani darini mwa nyumba zao. Ukanunua rundo zima kwa ajili ya kadi moja, zilizobaki ukabadilishana nazo. Overtime yote iliishia huko. Hukuja likizo. Hukuja hata harusi yangu, kwa sababu kulikuwa na mnada. Nililia mbele ya wakwe, Ombati.

Halafu kila Ijumaa nakukuta Al Baraha, mtaani kwenu, kwenye ule mkahawa wa Wamalayali, wale Wahindi wa Kerala, umeshaagiza chai mbili za karak na parata. Unafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, ndipo unatoa kadi mpya mfukoni mwa shati na kunipa lenzi. "Usitazame sura ya mtu," uliniambia. "Tazama pembe nne, halafu kingo, halafu uone kama picha imekaa katikati." Nikakuuliza kwa nini unahangaika na wachezaji ambao hakuna anayewajua. Ukasema, "Mashuhuri walitunzwa tangu mwanzo. Hawa wengine ndio kazi." Nilikuwa na hasira na wewe, na bado nikaichukua ile lenzi, na nikajifunza.

Mwishowe seti yako ikaipita ya Sir. Ulinisimulia mwenyewe jinsi alivyokagua kurasa za albamu yako akiwa amesimama, kisha akacheka na kusema mwanafunzi amemshinda mwalimu. Ulifurahi sana. Mimi nilikuuliza kwa nini tangu siku hiyo haiti tena marafiki zake waje kuiona yake. Ukasema nina moyo wa kushuku kila mtu.

Ilikuwa imebaki kadi moja tu. Na hapo ndipo niliposema uitoe albamu yako kabatini kwa Sir uiweke mahali pako, au unipe mimi. Ukakataa. Chumba chenu Al Baraha mlilala watu wengi na AC ilivuja maji. Kwangu wasimamizi huingia kukagua wakati wowote. Kwa Sir kuna baridi nzuri na kabati lenye kufuli. Nikakuambia basi uzipeleke kwa wale wanaozipima na kuzifunga kwenye plastiki ngumu, kila moja na namba yake, ili ijulikane ni yako. Hilo nalo ukalikataa. Ulisema kadi iliyofungwa hivyo huwezi tena kuigusa. Ombati, Ombati. Namba ile ndiyo kitu pekee ambacho kingenisaidia leo.

Niliporudi kutoka mazishini Sir alinikabidhi albamu bila hata mimi kuomba. Haikuwa ile yako ya plastiki. Ilikuwa mpya, ya ngozi, nzito, jina lako limechapwa kwa dhahabu. Alisema plastiki ya ile ya zamani ingeziharibu kadi kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo amezihamisha kwa mkono wake, moja moja, kama heshima kwako. Nililia tena. Nilimshika mkono na kumshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilikaa kitandani siku ya off nikaifungua na lenzi yako mkononi, ili tu niwe na wewe kidogo. Nikamtafuta yule mrusha mpira mwenye shavu lililovimba kwa tumbaku, yule tuliyemsherehekea kwa biriani. Zamani pembe zake zilikuwa zinachoma kidole. Sasa zilikuwa zimezunguka, laini kama sabuni iliyotumika. Nikadhani macho yangu yamejaa machozi. Nikafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Picha zimeegemea upande, kingo nyeupe zimegeuka manjano. Wachezaji walikuwa wale wale, kila mtu mahali pake. Kisha nikamkuta mdakaji mwenye doa la kahawa kwenye kona ya chini. Unamkumbuka. Ilikuwa kadi ya Sir. Alijimwagia mwenyewe kikombe, na wewe ulinisimulia ukicheka mpaka mhudumu akageuka. Kadi hiyo haikuwahi kuwa yako hata siku moja. Yako ya huyo mdakaji ilikuwa safi kabisa.

Alikuwa amechukua zako akazitia kwenye seti yake, na zake mbovu akanifungia ndani ya ngozi na dhahabu.

Nilikwenda Marina na albamu kifuani. Alinitengenezea chai mwenyewe. Nikamweleza pole pole, kwa adabu zote, nikimwita Sir, nikamwonyesha doa. Hakupandisha sauti. Alisema kadi zote zilitoka kwake tangu mwanzo, na kwamba wewe ulikuwa ukizichanganya sana zako na zake. Akaniuliza kama nimezihesabu, kama kuna inayopungua isipokuwa ile moja tunayoijua. Kisha akanitazama kwa huruma na kusema, "Kemunto, huzuni huyafanya macho yaone vitu." Kabati lilikuwa nyuma yake, limefungwa. Nilikuwa naona mgongo wa albamu yake kupitia kioo. Ningekwenda polisi kusema nini? Kwamba pembe za karatasi zimebadilika? Nimwambie nani, na visa yangu imebakiza miezi michache? Nilikunywa chai yake, kaka. Nilikunywa mpaka ikaisha, nikasema asante, nikaenda kungoja basi.

Halafu ile kadi ya mwisho ikafika. Yule mzee wa Marekani uliyeinunua kwake hakujua umekufa. Aliituma kwa anwani ya hoteli, kama ulivyomwagiza, jina langu juu na lako chini. Ni ya mchezaji ambaye hakuna anayemkumbuka. Uliniambia mara nyingi kwa nini ni ngumu: ilichapwa ukingoni mwa karatasi kubwa, kwa hiyo karibu zote zilikatwa vibaya. Hii haikukatwa vibaya. Niliitazama kwa lenzi mpaka shingo ikauma. Iko katikati kabisa. Pembe nne. Uliisubiri miaka, na ilikuwa angani ikija wakati sisi tunakushusha kaburini.

Sir alijua itakuja, ulimwambia. Akaanza kunipigia. Kwanza aliuliza hali ya Mama. Halafu akauliza kama kuna kifurushi. Halafu akasema nitaje ninachotaka. Nikamwambia sitaki kitu, nataka aseme tu kwa mdomo wake kwamba zile ni za Ombati. Akasema, "Ombati angependa ikae na wenzake."

Na hilo, kaka, ndilo lililonilaza macho, kwa sababu ni kweli. Nakujua. Ungesema seti ni seti, mpe, zikamilike, haidhuru ziko nyumba ya nani. Ungenicheka kwa hasira zangu. Wenzake wako kule Marina, kwenye kabati la mwizi, na kadi moja tu ndiyo inayowakosesha utimilifu ulioutafuta mpaka ukafa. Wiki nzima nilibishana na wewe kichwani. Nilikuwa nakunja taulo nabishana. Mara mbili niliichukua simu nimwambie aje.

Akaja mwenyewe bila kuitwa. Meneja akaniita lobi, ananiambia kuna mgeni mheshimiwa anayeniulizia. Nilipanda chumbani nikaileta kadi. Nikaitoa kwenye kifuko chake na kumpa aitazame. Aliishika kwa kingo, kama ulivyonifundisha, akaisogeza karibu na macho. Ile sura sikuwahi kuiona kwake, hata siku aliponipeleka uwanja wa ndege. Nikanyoosha mkono. Ilimchukua muda kunirudishia. Nikaitia mfuko wa aproni, bila kifuko chake, pamoja na funguo zangu na kalamu.

Alitoa sauti, Ombati, kama mtu aliyefinywa na mlango. "Utaiharibu," alisema. "Hujui ni nini hiyo."

Nikamwambia najua, ni ya kaka yangu. Nikarudi kazini. Niliimalizia zamu yangu yote nikiwa nayo mfukoni. Pembe moja imelainika, nyingine ina mkunjo mdogo. Haitamfaa tena. Wala wewe isingekufaa, na kwa hilo sikuombi msamaha. Uliyaweka mambo yako yote mikononi mwa mtu kwa sababu alikuwa na kabati zuri, ukaniachia mimi nibaki nakunywa chai yake.

Sasa nikuambie lililobaki. Mama anamwombea. Kila jioni kabla ya kulala anakutaja wewe, ananitaja mimi, halafu anamtaja Sir kwa jina lake kamili, mzungu aliyemrudisha mwanawe nyumbani. Nilimsikia tena jana kwenye simu. Nimemwacha aendelee, kwa sababu kila nikitaka kufungua mdomo nasikia vile anavyolitamka jina lile kwa shida na kwa upendo.

Lakini mkataba wangu unaisha na sitautia saini mwingine. Narudi, khalas, imetosha. Nitakata nyasi kwenye msingi wako. Nitamketisha Mama na Baba Mdogo, niwaeleze besiboli tangu mwanzo, taratibu, mpaka waelewe kwamba hukuwa mcheza kamari, kwamba ulitengeneza kitu kikakaribia kutimia na kikaibwa. Kama Mama atataka kuendelea kumwombea Sir, sitamkataza. Ila atakuwa anajua anamwombea nani.

Lala, kaka. Bado nina hasira na wewe. Nitakuja nazo mpaka hapo ulipo, nikae nazo kando yako.

Dada yako,
Kemunto