Mkono Katikati ya Nondo

Matemwe, 11 Januari 2025

Mdogo wangu Riyama,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha. Goti la mama linaendeleaje?

Duni kanipa habari kabla hata hajateremsha samaki wa wageni: Tahir ameleta posa, na nikaha ni Ijumaa, tarehe saba Februari. Nilifurahi mpaka nikayamwagia maua maji mara ya pili. Nitakuja. Baba hayupo na hakuacha ndugu wa kiume. Walii wako ni mimi. Nani mwengine akuoze? Bwana Hafiz, msimamizi wetu wa mjini, keshanipa ruhusa. Mwenzangu Mkadam ataziangalia nyumba zote mbili.

Usinipigie kwenye simu niliyonayo. Ni ya kazi, na Bwana Hafiz huipekua. Barua mpe Duni.

Kaka yako,
Mudrik


Mkokotoni, 14 Januari 2025

Kaka Mudrik,

Shikamoo. Goti la mama limepoa, ulimi ndio haujapoa. Anauliza ni mtu gani huyu anayelinda nyumba ambazo wenyewe wako Ulaya na wanawapangisha wageni, na kwao mwenyewe haonekani tangu Idi Kubwa.

Njoo na kanzu yako. Ile ya kuazima ya mwaka jana ulikuwa kama mwiko ndani ya gunia.

Mdogo wako,
Riyama


Matemwe, 27 Januari 2025

Mdogo wangu Riyama,

Wa alaykum salaam, na marahaba niliyochelewa kuiitikia. Natumai nyote hamjambo.

Mkadam ameacha kazi. Hakuaga, nilikuta funguo zake juu ya pampu ya bwawa. Nyumba zote mbili zina wageni, nami niko peke yangu. Bwana Hafiz kasema ruhusa haipo tena. Kutoka siwezi, na mtu wa nje haruhusiwi kuingia. Kamera ya getini inamwonyesha yote hayo akiwa kwake Mji Mkongwe. Nikitoka na kitu kikapotea, atakayeitwa polisi ni Mjomba Abdulla aliyenidhamini, na presha yake unaijua.

Nimemwandikia Sheikh Muhiddin uwakala akuoze kwa niaba yangu. Sheria inaruhusu. Nisamehe.

Kaka yako,
Mudrik


Mkokotoni, 29 Januari 2025

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi sijambo, ila hasira.

Uwakala ni wa kaka aliyeko Muskat. Wewe uko Matemwe. Duni hufika hapo barafu ya samaki haijayeyuka. Sheria inaruhusu, mimi siruhusu. Walii humwendea dada yake akamuuliza kwa kinywa chake: nikuoze? Mimi nani aniulize, karatasi?

Wewe huwezi kutoka, sisi hatuwezi kuingia. Basi tutakuja mpaka getini. Niambie kitu kimoja tu: mkono wako unapita kwenye nondo?

Riyama


Matemwe, 31 Januari 2025

Unapita.

Mudrik


Mkokotoni, 10 Februari 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Tumefika salama, na harusi imekwisha salama.

Uliponiuliza pale getini nikainamisha macho, usidhani ni haya za bibi harusi. Nilikuwa natazama funguo kiunoni mwako. Funguo zote zile, na wewe ndiye uliye ndani.

Tahir anasema ulipomshika mkono kwenye nondo kuniozesha, hukuuachia mpaka Sheikh alipokwambia. Sheikh Muhiddin naye bado analalamika kwamba hajawahi kusoma hotuba ya nikaha mbele ya watu waliovaa nguo za kuogelea. "Wamenipiga na picha!" anasema. Lakini mama hacheki. Sahani ya biriani ilikataa kupita, akakulisha tonge kwa tonge, mwanamume mzima mwenye ndevu. Tangu siku hiyo biriani hali.

Tahir ndiye hana neno jengine ila nyumba zenu. Upepo ule, bwawa lile, umeme haukatiki. Kazi yake ya kupakua mizigo hapa gatini ni ya kubahatisha, wajua. Anauliza, kwenu nafasi ipo?

Mdogo wako,
Riyama


Matemwe, 13 Februari 2025

Mdogo wangu Riyama,

Marahaba. Msalimie mama, mwambie ale. Msalimie na shemeji.

Bwana Hafiz aliyaona yote kwenye kamera. Aliponipigia nilijua ananifukuza. Nilikuwa nshazivua funguo kiunoni hata salamu hajamaliza. Hakunifukuza. "Mudrik," kanambia, "mimi sikukufunga kamba. Niletee mtu wa kukaa mahali pako, muaminifu, mwenye mdhamini, uende zako siku hiyo hiyo."

Asubuhi yake Duni akaniletea barua yako.

Tahir ni muaminifu. Mdhamini anaye, baba yake. Kesho Ijumaa ningesali msikiti wetu, nikala kwa mama kwenye mkeka. Niliikunja barua, nikakuona wewe ukimlisha mumeo tonge kwenye nondo, nikaenda kusafisha bwawa. Nilipomaliza nikalisafisha tena.

Mwambie shemeji nafasi hakuna.

Kaka yako,
Mudrik