Sauti ya Saba

Jumatatu, 6 Oktoba

Waya umekatwa. Mita kumi na mbili za shaba kutoka kabine ya umeme ya mtaa, mchana kweupe — na mlinzi hakuna! Wiki hii ilikuwa zamu ya Avenue Lufira kutoa walinzi wawili. Nimeenda kuwauliza. Mama mmoja amenijibu bila kuacha kusonga bukari: "Benye avenue ingine balikatala wiki yabo. Juu ya nini siye tulinde?"

Miezi mitatu tu iliyopita, sisi hawa hawa tulikaa siku mbili mbele ya mlango wa kabine mpaka Gaston, aliyejifanya bwana wa kabine, akaachia ufunguo. Miaka tisa alitufanya watoto wake: akipenda unapata umeme, akinuna unakaa giza. Siku ile tulicheza barabarani. Sasa tuko giza wote, bila Gaston.

Dispensari nayo giza. Na Rosalie, mdogo wangu ninayekaa naye, anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi huu.

Jumatano, 8 Oktoba

Watu wa umeme wamekuja. Waya mpya upo, wataufunga Jumanne, kwa sharti moja: karatasi inayosema nani anaamuru walinzi. La sivyo waya unakwenda mtaa mwingine. Papa Kabamba, mwenyekiti wetu, akashika kichwa. Kamati yetu ya avenue saba haiamuru mtu. Inaomba tu.

Na darasani leo — nani alipanga programu hii ya historia, Shetani? — somo ni Amerika baada ya kumfukuza mfalme wa Waingereza. Majimbo kumi na matatu, kila moja sauti moja. Bunge lao linaomba kodi na askari, majimbo yanaangalia pembeni. Na kubadili mkataba, lazima yote kumi na matatu yakubali. Nikawaeleza jinsi Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko yote, kalivyosema hapana peke yake, na ushuru wa nchi nzima ukafia hapo. Nilipiga meza. Wanafunzi wakacheka. Orpha, yule wa benchi la mbele, akanyanyua mkono: "Madame, na ni nani aliandika ile loi, ile sheria yabo?"

Nikasema saa imekwisha. Ilibaki robo saa nzima.

Sheria ya kamati yetu niliandika mimi. Kwenye meza hii hii, mwezi wa saba: hakuna uamuzi wala badiliko bila avenue zote saba kukubali. Niliogopa kupata Gaston mwingine. Nilipousoma mstari huo watu walipiga makofi mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jumapili baada ya misa tutapiga kura: tano kati ya saba zitoshe, na mwenyekiti aweze kuamuru zamu. Lakini ili tano zitoshe, kwanza saba zikubali! Nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe.

Sita ziko tayari. Inayokataa ni Mitumba. Mitumba ni kwetu. Nyumba sita.

Tumekutana kwa Papa Éphraïm, mkubwa wa avenue. Nimesema mpaka sauti ikakauka. Yeye, taratibu: "Mama Émilienne, siye tuko na manyumba sita. Lufira iko na makumi tatu. Kesho batatutuma kulinda kila wiki, na hakuna mwenye atatusikia. Ile mstari yako ndiyo inatuchunga." Wote wakaitikia. Halafu wakanichagua mimi nikaseme hapana, eti kwa sababu najua kuongea.

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini hajasema uongo. Gaston alipokuwa akikata umeme, alianza na Mitumba kila mara.

Rosalie, niliyekwenda naye, alisikia yote kutoka jikoni kwa Papa Éphraïm. Ameniuliza tu kama nimenunua betri za tochi.

Jumapili, 12 Oktoba

Niko kikaoni. Mimi ndiye katibu, lakini naandika humu badala ya daftari la kamati. Ni darasa langu mwenyewe, watu wazima wamebanana kwenye benchi za watoto. Gaston naye amekuja! Kasimama dirishani, anatafuna karanga, hajifichi hata kidogo.

Papa Kabamba anaita avenue moja moja. Lufira — oui. (Leo ndiyo wanajua kukubali!) Inayofuata, oui. Zimefika sita.

Papa Éphraïm yuko pembeni yangu, kofia magotini. Ananiamini. Hilo linaniudhi kuliko yote. Rosalie yuko nyuma kabisa, amekaa kiupande kwa sababu tumbo haliingii chini ya meza ya mwanafunzi.

"Mitumba?"

Naandika ili nionekane nina kazi. Ameita mara ya pili: "Mama Émilienne, Mitumba inasema nini?" Gaston ameacha kutafuna. Papa Éphraïm ananishika kiwiko, anisaidie kutoka kwenye kabenchi haka, nisimame niseme —