Sanduku la Makaa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimefufua friza moja na kumzika mtu mmoja kwa maneno.

Friza ni ya bucha. Mafundi watatu walishaitazama wakaondoka wakikuna vichwa. Mimi nikaigonga ubavuni mara moja tu — ikanguruma kama simba! (Sawa, ilikuwa fyuzi. Lakini lazima ujue pa kugonga.) Nimeiegesha kwenye mlango wa nyuma wa karakana mpaka mwenyewe alete mkokoteni.

Aliyezikwa ni Kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Kasema mbele ya wateja kwamba mimi, pamoja na kelele zangu zote, sijui hata lugha moja ya wazungu. Nikamwambia nasoma Kijerumani na Kiitaliano kila siku ya Mungu, mgongoni mwa friji. Akabaki kapanua mkasi.

Halafu habari yenyewe. Profesa ameitwa!

Profesa ni mpwa wangu, binti wa Dada. Jina nilimpa mimi, siku alipofungua redio yangu kwa kijiko akiwa bado anatambaa. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kinataka kumhoji kwa kompyuta, Ijumaa ya wiki ijayo. Viwili vilishamkataa. Hiki ndicho cha mwisho, na mwakani ufadhili wenyewe haupo tena. Anataka uhandisi wa mitambo ya baridi — mafriji ya heshima, tuseme. Damu hiyo! Haikutoka kwa baba yake, aliyekuwa anaogopa hata swichi.

Dada amelia. Na mimi jicho lilinichonyota kidogo. Gesi, labda.

Jumanne, 4 Machi

Profesa kaja karakanani asubuhi. (Karakana yangu ni banda la mabati uani kwa Dada. Kwa Kinyozi huwa naiita kampuni.) Akasema, Mjomba, wanakutaka na wewe.

Mimi? Ulaya? Nilijua tu siku yangu itafika!

Kumbe hapana. Wanataka nikae naye siku ya mahojiano, kwa sababu ya insha. Kila mwombaji huandika insha ya kujieleza: nani au nini kilikufanya upende unachotaka kusomea. Yeye kaniandika mimi. Nikakaa juu ya kompresa mbovu, akanisomea huku anatafsiri. Mwaka wa mafuriko umeme ulikatika siku tatu. Friji ya hospitali ikafa. Mjomba wangu akajenga sanduku la makaa na magunia ya maji, na ndani yake chanjo zote za watoto zikakaa kwenye digrii nne, siku zote tatu, mpaka umeme uliporudi.

Hadithi yangu. Neno kwa neno! Nimeisimulia kwenye kiti cha Kinyozi mpaka imeng'aa kama sufuria iliyosuguliwa mchanga.

Na kuna mama mmoja huko, mwalimu mkubwa, ambaye kazi yake ni baridi isiyotumia umeme. Kaandika kwamba amevutiwa mno. Anaomba nimweleze nilifikaje kwenye digrii nne.

Macho ya mtoto yanawaka. Nikamwambia, mbona rahisi!

Chai yangu imepoa hapa. Siinywi.

Jumatano, 5 Machi

Naandika mara moja, sirudii.

Maji yakikauka kwenye gunia yanapoza. Hiyo kweli, muulize mtungi. Lakini kuna mahali yanagoma. Ukipata upepo mzuri unatoa digrii kumi chini ya joto la nje, basi, hapo umeshukuru. Nne? Kwa makaa? Fundi yeyote anajua haiwezekani. Yule mama anajua zaidi. Na mtu anayejua kitu hakiwezekani akikuambia "nimevutiwa mno, hebu nieleze" — hizo si sifa. Hilo ni shimo, limetandikwa zulia.

Mafuriko yalikuwepo. Sanduku nililijenga, kwa mikono hii. Siku ya pili muuguzi mkuu akatia kipimajoto, akakitoa, akakitazama, akanitazama. Ishirini na moja. Chanjo zote zikaenda shimo la kuchomea taka, na watoto wakaambiwa warudi mwezi ujao.

Basi. Nimeandika.

Muuguzi mkuu alishakufa. Anayejua mwingine ni Dada, maana alikuwa dobi wa hospitali ileile. Leo kanikuta nachomelea, akazima plagi kabisa ndipo akasema. Miaka yote hii nimenyamaza, kakangu, kwa sababu uongo wako ulikuwa wa kubembelezea watoto. Sasa umeomba viza!

Nikamwambia apunguze sauti.

Akasema: mwambie mtoto. Usipomwambia wewe kabla ya siku ya mahojiano, namwambia mimi.

Nikamwambia nitamwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Sijamwambia. Nilikuwa na kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimwita kabisa. Akaja, kashika daftari lake la mazoezi ya maswali, akakaa pale pale kwenye kompresa. Nikasema, Profesa, unajua, siku ile ya hospitali... Akainua uso. Nikasema, ilikuwa na mvua sana.

Akaandika: mvua sana!

Lakini nimelipima jambo hili kwa akili, si kwa woga. Akijua akanyamaza, atakuwa mwongo. Akijua akasema, hana chuo. Asipojua, ni mtoto aliyemwamini mjomba wake. Chuo gani duniani kinamfukuza mtu kwa hilo? Kwa hiyo kutomwambia ni kumkinga. Ndiyo. Mimi ni bati, yeye yuko chini, mvua inyeshe.

Nimelisoma tena. Limekaa vizuri. Mbona basi nakwepa kupita dirishani kwake?

Jumapili, 9 Machi

Nimeugua. Koo. Nimeamka sina sauti hata ya kumfukuzia kuku. Nikaonyesha kwa mikono: Ijumaa haitawezekana.

Profesa akanitengenezea maji ya tangawizi, akasema, pole Mjomba, usijali, utaandika kwenye karatasi, mimi nitawasomea.

Mchana Kinyozi kaja kunijulia hali. Akasimama mlangoni akasema, nimesikia Injinia (ndivyo anavyonikejeli) kagandishwa koo, mwacheni tu, hata akipona Ulaya itakuwa imekwisha. Nikajikuta namjibu! Kwa sauti ya kunadi samaki! Mtaa mzima umesikia, na Profesa akapiga makofi — amepona!

Huyu Kinyozi nitamrudi.

Jumanne, 11 Machi

Sasa Profesa anataka nilijenge tena lile sanduku. Lisimame nyuma yetu, mama wa Ulaya alione.

Nimelijenga. Nyavu mbili za waya, makaa katikati, magunia juu, kopo lenye matundu linadondosha maji taratibu. Zuri, mkono haujasahau. Na watu wakajaa uani kama kuna harusi. Muuza maji kasema atalipiga picha. Kinyozi kalizunguka mara mbili, akaingiza kichwa chake chenye upara, akasema, kweli kuna baridi humu, nikifa mnilaze hapa. Wakacheka. Kisha akasema — na hakuwa anatania — Injinia, mimi nilidhani ile hadithi ni ya kwako tu. Nisamehe.

Kinyozi kuniomba msamaha! Siku nyingine ningeitundika ukutani. Leo nimejifanya nafunga gunia.

Walipoondoka nikatia kipimajoto. Nje thelathini na moja. Nikangoja. Nikamwaga maji. Nikapepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka bega likaniuma.

Ishirini na moja.

Ileile! Miaka yote hii, sanduku halijajifunza kitu.

Nilikwenda kunawa. Niliporudi, Profesa alikuwa amesimama pale, anarekebisha gunia. Kipimajoto kilikuwa kimegeuziwa uso ubaoni. Nadhani nilikigeuza mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho aliyonipa Dada. Nimemfuata ndani asubuhi nimejiandaa kwa kelele. Nikamkuta anapiga pasi blauzi ya Profesa, ile nyeupe. Dobi wa miaka ishirini — blauzi ile ilishanyooka zamani, lakini anapita tu, anapita, kola, mkono, kola.

Nikamuuliza, umemwambia?

Hakuniangalia. Akasema, jana alikuwa anafanya mazoezi kwenye kioo. Anajibu maswali. Anajua hata pa kutabasamu. Akapitisha pasi tena. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe.

Nikasema, mimi nilikuwa nakusubiri wewe.

Basi. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimesimama. Umeme umekatika katikati ya mahojiano! Ningemsimulia hivi Kinyozi angenirushia taulo.

Tulianza vizuri, sebuleni kwa Dada. Nimenyolewa bure, tai nimeazima. Kinyozi alipomaliza akasema ukiharibu usiwaambie nani alikunyoa. Profesa katikati, mimi kulia kwake, sanduku tumeliingiza ndani, nyuma yetu, Dada mlangoni asipoonekana. Kwenye kioo cha kompyuta watu watatu, yule mama katikati yao, miwani kaipandisha kichwani. Wakamuuliza Profesa hiki na kile. Alijibu kama bomba lililofunguliwa. Wakacheka naye. Nikaona — anaweza huyu! Hata bila mimi anaweza!

Ndipo mama akanigeukia. Akasema maneno marefu, kwa upole kabisa. Profesa akanitafsiria: anasema amehangaika na masanduku kama haya miaka mingi, hajawahi hata kukaribia nne. Anaomba umfundishe.

Anaomba nimfundishe.

Nikafungua kinywa. Nikasema, mwambie mama, siku ile... na kioo kikazima. Puu! Feni ikafa nayo. Wallahi sijui nilikuwa naenda kusema nini.

Profesa hakushtuka. Akawatumia ujumbe kwa simu, wakajibu wanangoja, umeme ukirudi waendelee. Nikaona sasa ndio sasa. Nikasema, mwanangu, kuna jambo kuhusu siku ile.

Akasema, najua, Mjomba.

Unajua nini?

Ishirini na moja.

Alisema hivyo huku ananinyooshea tai. Anajua tangu kidato cha pili, walipofundishwa habari za mvuke. Siku ile alirudi nyumbani akapiga hesabu mara tatu, akidhani amekosea yeye.

Nikamuuliza, sasa kwa nini ukaandika?

Akasema vile vyuo viwili aliviandikia ukweli. Kwamba anapenda hesabu, mama yake ni dobi, atajitahidi sana. Wakamjibu kwa mistari miwili. Hiki nikakiandikia wewe, Mjomba. Wakaniita.

Dada akakaa chini pale pale kizingitini. Nguo yake ya kutokea, sakafuni.

Nikajaribu. Nikasema, tuwaambie ulikosea kuandika, ilikuwa kumi na nne! Akacheka. Na kicheko nikakitambua — ni changu, kile cha kwenye kiti cha Kinyozi, kimetoka kinywani mwake. Akasema kumi na nne nayo haiwezekani, Mjomba. Na nikibadilisha sasa wataniuliza na mengine. Wewe usitetereke. Sema kama unavyosema siku zote. Ukifika kwenye namba usipepese. Mimi nitatafsiri.

Halafu akaenda kwenye sanduku, akatoa kipimajoto, akakitia mfukoni mwa ile blauzi nyeupe. Taratibu, kama mtu anayefunga dirisha.

Kumbe ni yeye aliyekigeuza.

Nimesimulia hadithi hii maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniomba. Leo naombwa, na koo limekauka, na safari hii siigizi. Nimesema naja karakanani kutafuta koti. Koti gani, na jua hili! Mlango wa mbele, Kinyozi na mtaa mzima wamekaa kwenye ndoo wanangoja matokeo. Wa nyuma nimeuziba mwenyewe kwa friza ya bucha. Yule bwana hajaleta mkokoteni mpaka leo.

Nimewaza: nitasema ukweli. Nitaketi, nitamtazama yule mama usoni, nitasema ishirini na moja, chanjo tulizichoma. Nisiwe bati tena, mvua na inyeshe. Lakini nitausema kwa nani? Maneno yangu yanapitia kwake. Naweza kusema ishirini na moja na yeye akatafsiri nne, mama akatikisa kichwa, wakaandika, na mimi nimekaa pale natabasamu. Namba za wazungu naishia tatu. Swichi ya friji haina nne.

Friza ya bucha imenguruma. Umeme umerudi. Uani wanashangilia.

Profesa ananiita. Sauti haitetemeki hata kidogo — Mjomba! Njoo bwana, mama anakusubiri! — na nyuma yake namsikia Dada, polepole, anasema mwache, mwacheni kwanza avae ko—