Dawa ya Mifupa na Kikombe cha Maziwa

Mpendwa bibi,

Mlio ule nausikia mpaka leo. Uliinama uani kwako Usagara kuokota kata ya maji, kitu kikalia "ka!", ukakaa chini taratibu. "Mke mwenzangu, nimeikanyaga kata?" Kata ilikuwa nzima. Ni nyonga yako iliyovunjika.

Na dawa ulikuwa unameza! Kila Jumapili kidonge kimoja, kwa kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa. Nilipokukataza ulinicheka: "Maziwa si ndiyo mifupa yenyewe? Au huko chuoni ng'ombe wanatoa soda?"

Nimechoka kueleza, bibi, lakini leo hutanikatiza. Ndani ya mfupa kuna chembe zinazobomoa na zinazojenga. Uzeeni zinazobomoa hushinda. Kidonge kile hakijengi; hunata kwenye mfupa na kuzilegeza hizo zinazobomoa. Ukikimeza na maziwa, kinashikana na madini yake tumboni na kuishia chooni. Kinataka maji matupu, asubuhi kabla ya kula chochote, kisha ukae wima nusu saa au zaidi, maana ukijilaza kinaunguza koo. Maziwa kunywa baadaye, nani kakukataza?

Sasa mama, binti yako, ameandikiwa dawa ile ile. Mama mdogo, anayeishi naye hapo kwako, akawa anamfuata kitandani na kikombe cha maziwa: "Dada, dawa kali haimezwi tumbo tupu." Mama anameza, analala tena, halafu ananipigia simu: "Kifua kinawaka. Hii dawa yenu ni sumu!"

Nikampeleka kwa daktari. Alimsimamishia dawa mpaka koo lipone, kisha akamruhusu kuanza upya, kwa masharti. Mama mdogo alikuwepo, akaitikia kila neno. Jumapili ya kwanza nikawahi kwenda kuona. Kikombe kiko palepale, kinafuka moshi.

"Kidogo tu," akasema mama mdogo, "cha kusindikizia."

Bibi, nilitamani kupiga kelele. Anampenda dada yake, najua. Nawe ulipendwa hivyo hivyo mpaka ukavunjika.

Sikubishana. Nilifunga nguo za mama siku hiyo hiyo, nikamhamishia kwangu Nyakato. Mama mdogo hapokei simu zangu. Leo asubuhi mama amemeza kwa maji, ameketi wima kibarazani, naye amenuna. Wanune wote.

Pumzika, bibi. Msalimie babu, mume wetu.

Mke mwenzio,
mjukuu wako